Mjomba kamwachisha mama dawa ya kolesteroli, anasema tatizo ni magnesiamu

BARUA

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Newala, nina miaka 31. Nakuandikia kuhusu mama yangu mzazi. Ana miaka 58, ana mikorosho yake, na tangu baba afariki yeye ndiye tunayemtegemea.

Mama ana presha ya siku nyingi. Kila asubuhi anameza amlodipini pamoja na kidonge cha kukojoza. Tumbo nalo linamsumbua, kwa hiyo anajinunulia omeprazoli duka la dawa. Mara ya kwanza aliandikiwa ya wiki chache tu, lakini huu ni mwaka wa tatu na hapitishi siku bila hicho kidonge. Mwezi wa tano nilimpeleka Mtwara mjini akapimwa mafuta kwenye damu. Kolesteroli yote kwa pamoja ilikuwa 6.8, LDL (ile mbaya inayoziba mishipa) 4.7, HDL (ile nzuri) 1.0, trigliseraidi (mafuta ya aina nyingine) 2.4. Daktari akamwandikia atorvastatini miligramu 20, moja kila usiku, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Hatukurudi, na kosa hilo nalibeba mimi, kwa sababu mitihani ya shule ilitubana.

Msimu wa korosho ulipoanza akaja mjomba kutoka Dar es Salaam. Ni kaka mkubwa wa mama, na wewe Shangazi unajua kwetu Wamakonde mjomba ni nani. Safari hii alikuja na maboksi ya virutubishi anavyouza. Alimkalisha mama barazani, akamshikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja yakatoka makaratasi: magnesiamu iko chini, mishipa imechoka, ini limelemewa. Akamwambia kolesteroli si ugonjwa. Ati ini linatengeneza mafuta mengi kwa sababu limekosa magnesiamu, na seli za ndani ya mishipa zinakufa kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba magnesiamu ni atorvastatini ya asili isiyo na sumu. Akamwachia chupa tatu, 95,000 kila moja, atalipa malipo ya korosho yakitoka.

Mama ameacha atorvastatini wiki ya tano sasa. Dawa za presha bado anameza. Kinachonichanganya ni kwamba kweli amepata nafuu kidogo. Zamani misuli ya miguu ilikuwa inamkaza usiku mpaka analia, sasa imepungua. Anaharisha kidogo tu. Mjomba anasema kuharisha ni sumu inatoka.

Nilipojaribu kusema, mama akaniuliza, “Kati yako na mjomba wako nani alizaliwa kwanza?” Basi nikanyamaza. Pia ameacha kula korosho kabisa, majirani walimwambia zina mafuta zitamziba mishipa. Anauza magunia, yeye hatii hata moja mdomoni.

Naomba uniambie, je, ni kweli kukosa magnesiamu kunapandisha mafuta na kuharibu mishipa? Kama ni kweli, atorvastatini ya nini? Na nimwambieje mjomba bila kuvunja heshima?

Mwalimu, Newala


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuwekwa katikati ya watu wawili ambao huwezi kumpandishia sauti hata mmoja.

Nianze na la haraka. Katika barua yako sijaona sababu ya mama kuachana na atorvastatini. Wiki hii hii arudi kwa daktari aliyemwandikia, asingoje msimu uishe. Abebe dawa zote kwenye mfuko mmoja, na humo ndani iwemo chupa ya mjomba na ile omeprazoli ya dukani, maana sina hakika kama daktari aliwahi kuambiwa habari zake. Aseme wazi kwamba ameacha dawa wiki tano na aseme kwa nini. Dawa za presha aendelee kuzimeza kama kawaida. Zile chupa aziweke pembeni mpaka figo zipimwe, nitakueleza sababu.

Sasa tuje kwa mjomba. Anayokuambieni hakuyaokota njiani. Mengi yana asili katika maabara za kweli, na ndiyo maana yanakushinda kuyajibu. Uongo mtupu ungeshautambua siku ya kwanza.

Magnesiamu ni madini ambayo mwili wa mtu mzima unayo kama gramu 25 tu. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, nyingine kwenye misuli na viungo vya ndani, na inayozunguka kwenye maji ya damu haifiki hata asilimia 1. Kiasi ni kidogo lakini kazi zake ni nyingi. Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za mwili, zaidi ya 300 vinaitegemea, na ile nishati ambayo kila seli inaitumia, inayoitwa ATP, hufanya kazi ikiwa imeshikana na magnesiamu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema magnesiamu inagusa moyo, ini, misuli na mishipa, hajatia chumvi.

Kwenye mafuta ya damu iko hivi. Ukila, mafuta husafirishwa kwenye damu kama trigliseraidi, na kwenye kuta za mishipa midogo kuna kimeng'enya kinachoyavunja ili misuli iyatumie. Kipo kingine kinachoisaidia HDL kukusanya kolesteroli iliyobaki mwilini na kuirudisha kwenye ini. Huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, Yves Rayssiguier na wenzake walifanya majaribio mengi ya panya, hasa miaka ya 1980. Panya walilishwa chakula kilichoondolewa karibu magnesiamu yote. Trigliseraidi zikapanda, HDL ikashuka, kazi ya vimeng'enya hivyo ikadorora, na chembe zinazobeba mafuta zikawa rahisi kuharibiwa na oksijeni. Panya wenyewe masikio yaliwaiva yakawa mekundu ndani ya siku chache, dalili kwamba mwili mzima umeingiwa na uvimbe wa ndani.

Upande wa mishipa ndio unaonivutia zaidi, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani mshipa wa damu ni bomba tu. Ndani kabisa, pale damu inapopita, kuna tabaka moja la seli bapa zilizopangana. Seli hizo ndizo zinazotoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa upanuke. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Seli hizo hizo ndizo zinazozuia chembe za damu zisigandamane ovyo, na ndizo zinazoamua ni chembe nyeupe ipi ipite na ipi isipite. Tabaka hilo likianza kuharibika, LDL inapenya chini yake, inaoza pale, chembe nyeupe zinaifuata na kuimeza mpaka zinavimba kwa mafuta, na hapo ndipo utando unaoziba mshipa unapoanzia. Ni kazi ya miaka mingi, haina maumivu, ndiyo maana mama hajisikii lolote na ile 4.7 yake.

Mwaka 2004 Jeanette Maier na wenzake huko Milan, Italia, walichukua seli za aina hiyo kutoka kwenye mshipa wa kitovu cha binadamu, wakazikuza kwenye vyombo vya maabara vyenye magnesiamu kidogo sana. Seli zikapunguza kasi ya kugawanyika, maana yake zikawa hazijirekebishi upesi. Zikatoa kemikali za uvimbe. Zikaota protini za kunasia chembe nyeupe. Na zikazidisha protini inayozuia donge la damu lisiyeyuke. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa unaujua ugonjwa wa moyo, lazima usimame. Kila kipengele kilichomo ni hatua ya kuziba kwa mshipa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Kukosa magnesiamu kunaweza kuvuruga mafuta ya damu na kuziumiza seli za mishipa. Mjomba hapo nampa haki yake.

Tatizo ni hatua anayoruka baada ya hapo. Panya wale walinyimwa karibu yote, na seli zile ziliwekwa kwenye kiasi ambacho mama yako, anayekula mboga na kunde kila siku, si rahisi akifikie. Na kujua kwamba upungufu unaharibu hakukuambii kwamba kumpa mtu nyongeza kutatengeneza kilichoharibika kwa sababu nyingine. Kolesteroli ya mwanamke wa miaka 58 hupanda kwa mengi: kurithi, kukoma kwa hedhi, tezi ya shingo ikiwa imelala, sukari, chakula. Magnesiamu ni mmoja kati ya wengi walioalikwa kwenye kikao, wala sijui kama alihudhuria.

Hilo neno la atorvastatini ya asili nalo lina chanzo. Mwaka huo huo wa 2004 Andrea Rosanoff na Mildred Seelig, watafiti wa Marekani walioipenda sana magnesiamu, walichapisha makala kuilinganisha na dawa za jamii ya statini, ndiyo jamii ya atorvastatini. Hoja yao ni kwamba kimeng'enya kinachoongoza utengenezaji wa kolesteroli ndani ya ini, kile kile kinachozuiwa na atorvastatini, huzimwa na mwili wenyewe kwa njia inayohitaji magnesiamu. Ni hoja ya kufikirisha. Lakini ilipokuja zamu ya kuwapa watu vidonge na kuwapima damu, matokeo yamekuwa hayashikiki: majaribio mengine HDL imepanda kidogo, mengine trigliseraidi zimeshuka kidogo, mengi hakuna kilichosogea. Kwenye presha kuna kitu, ila ni kidogo, kama pointi 2 za ile namba ya juu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali bidhaa ziandikwe kwamba magnesiamu huenda ikapunguza hatari ya presha, kwa sharti kwamba yaongezwe maneno ya kusema ushahidi wake haulingani na hautoi uamuzi.

Kuhusu seli za mishipa kwa binadamu, lipo jaribio moja la mwaka 2000 ninaloliheshimu. Wagonjwa 50 wa moyo walipewa magnesiamu au kidonge kisicho na dawa kwa miezi 6, na waliopewa magnesiamu mishipa yao ya mkono ilitanuka vizuri zaidi damu iliyobanwa ilipoachiwa ghafla. Inatia moyo. Ila ni watu 50, na kilichopimwa ni kutanuka kwa mshipa. Hakikupimwa nani alipata kiharusi na nani alikufa.

Weka pembeni yake jaribio la simvastatini, ndugu wa atorvastatini, lililotangazwa mwaka 1994 kutoka nchi za Skandinavia. Watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo, wakafuatiliwa miaka zaidi ya 5. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 256, waliopewa simvastatini walikufa 182. Mama hajapatwa na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo faida yake kwa hesabu ni ndogo kuliko ya wale. Lakini majaribio makubwa yaliyofuata, yakiwemo ya watu ambao moyo wao ulikuwa bado mzima, yanakubaliana kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 nzima, kama kutoka 4.7 hadi 3.7, mashambulio ya moyo na viharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Mama ana 4.7 na juu yake ana presha. Hapo ndipo ninapokataa kuibadilisha dawa hiyo na chupa.

Ile mashine ya kushika kijiti sitaizungumzia kwa kirefu. Haipimi magnesiamu. Magnesiamu hupimwa kwa damu iliyotolewa na kupelekwa maabara, na kawaida husomeka kati ya 0.7 na 1.0 hivi. Mjomba akikujibu kwamba kipimo cha damu nacho kinadanganya, usibishane naye sana, maana kuna ukweli: damu inaweza kusoma sawa huku akiba ya mifupa na misuli imepungua. Ila kipimo chenye kasoro kinachosoma damu bado ni bora kuliko kisichosoma chochote.

Nije sasa kwenye kitu kilichonifanya niisome barua yako mara ya pili, na ambacho naona nyote mmekipita. Mama anaweza kweli kuwa na upungufu wa magnesiamu. Sisemi hivyo kwa sababu ya mashine. Nasema kwa sababu ya omeprazoli na kidonge cha kukojoza.

Omeprazoli ikitumika muda mrefu, hasa ikipita mwaka, kwa baadhi ya watu huzuia utumbo usichukue magnesiamu kutoka kwenye chakula. Mwaka 2011 mamlaka ile ile ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi juu ya dawa zote za jamii hiyo, na ikaeleza kwamba kama robo ya wagonjwa waliochunguzwa hawakupata nafuu kwa kupewa magnesiamu peke yake mpaka dawa ya tumbo ilipoachwa. Kidonge cha kukojoza, kama ni cha jamii ya thayazaidi kama wengi wanavyopewa kwa presha, nacho hupitisha magnesiamu kwenye mkojo, pamoja na potasiamu. Mama anameza vyote viwili. Huku hakiingii, huku kinatoka. Kumwekea chupa ya 95,000 bila kuangalia hilo ni kujaza ndoo iliyotoboka, na ninyi wa Newala maji mnayajua bei yake.

Inawezekana misuli kukaza usiku kulitokana na hapo. Inawezekana pia kulitokana na potasiamu kushuka, kwa sababu magnesiamu ikiwa chini potasiamu nayo haikai. Au ilikuwa atorvastatini, ambayo kwa baadhi ya watu huleta maumivu ya misuli. Angalia kilichotokea: wiki ile ile aliyoanza chupa ndiyo aliyoacha kidonge. Vitu viwili vimebadilishwa kwa pamoja, halafu mjomba anatoa sifa kwa kile anachokiuza. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipokusanya majaribio yote mwaka 2020 walikuta vidonge vya magnesiamu havina msaada wa maana kwa wazee wanaokazwa misuli bila sababu inayojulikana. Kwa mwenye upungufu wa kweli hesabu ni tofauti, na ndiyo maana nataka apimwe. Kama itaonekana atorvastatini ndiyo iliyomkaza, daktari anaweza kupunguza kipimo au kumpa ndugu yake mwingine kama rosuvastatini. Zipo njia, hakuna haja ya kutupa jamii nzima.

Na kuharisha si sumu inatoka. Chumvi za magnesiamu huvuta maji kwenye utumbo. Hospitalini hutumika kama dawa ya kulainisha choo. Mama akiendelea kuharisha atapoteza hiyo hiyo magnesiamu anayoinunua, na potasiamu juu yake.

Hospitali, iwe ya wilaya hapo Newala au Ligula mkirudi Mtwara, mwombe daktari vipimo hivi: magnesiamu, potasiamu, kreatinini ya figo, sukari, na mafuta ya damu upya. Kama tezi ya shingo inaweza kupimwa, sawa. Kreatinini ndiyo sababu ya kusema chupa zikae pembeni. Figo nzima hutoa magnesiamu iliyozidi bila shida, lakini mtu mwenye presha ya siku nyingi anaweza kuwa na figo zilizochoka bila kujua, na kwake magnesiamu ya vidonge hujilundika: usingizi mzito, misuli kulegea, presha kuanguka, moyo kwenda polepole. Ya kwenye chakula haina tabu hiyo kwa mwenye figo nzima.

Swali jingine kwa daktari ni kama omeprazoli bado inahitajika. Mtu aliyemeza miaka mitatu bila kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo anaweza kuwa anapoza dalili huku bakteria mwenyewe yuko mle mle. Bakteria hao hutibika kwa siku 14 hivi. Lakini asiikate ghafla kwa uamuzi wake. Asidi hurudi kwa hasira, atakimbilia tena duka la dawa na kusema Shangazi kamdanganya.

Sasa korosho. Hili limeniuma kuliko mashine. Mtu wa Newala kukatazwa korosho kwa ajili ya mishipa! Korosho haina kolesteroli hata chembe, na mafuta yake mengi ni ya aina ileile iliyomo kwenye mafuta ya zeituni. Gramu 100 za korosho zilizobanguliwa zina karibu miligramu 290 za magnesiamu. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama 320 kwa siku. Kiganja kimoja, gramu 30, kinampa 80 na ushei. Kiganja kimoja tu lakini, tena zisizo na chumvi. Zina nishati nyingi na akila bakuli zima atanenepa, na presha haitampenda. Ufuta nao, ambao huko Lindi umejaa kila ghala, unazidi korosho kidogo kwa gramu. Sahani ya mbaazi zilizochemshwa inakaribia 75. Kunde, karanga na mbegu za maboga ziko kundi hilo hilo. Mboga za majani zina magnesiamu katikati ya ile rangi yenyewe ya kijani, ila mchicha ukichemshwa na maji yakamwagwa, sehemu nzuri inaondoka na maji. Kisamvu ni habari nyingine, kitwangwe na kuiva sawasawa, hapo usilete ubahili wa maji.

Ugali wa muhogo ndio dhaifu kwa madini haya, na sembe iliyokobolewa imeacha sehemu kubwa mashineni pamoja na pumba. Si lazima mama aache muhogo aliolelewa nao. Abadilishane na dona siku kadhaa za wiki, na kwenye muhogo pawe na mbaazi au kunde pembeni.

Kama anatafuta cha kupunguza kwa ajili ya LDL, basi ni tui. Najua nagusa pabaya. Mafuta ya nazi karibu yote ni yale yanayoganda, na hayo huipandisha LDL, sawa na mafuta ya mawese yaliyosafishwa ambayo ndiyo tunakaangia vitumbua na samaki. Tui la kwanza, lile zito, libaki kwa sikukuu na wageni. Siku za kawaida atumie jepesi na mchuzi usijae. Kama huwa anaonja uraka au kingine chochote chenye kilevi msimu wa mabibo, hapo pia kuna trigliseraidi na kuna magnesiamu inayokwenda na mkojo. Hukutaja, nami simsingizii.

Kuhusu mjomba. Usimpinge mbele ya mama, na usianze na mashine, utakuwa umemwita tapeli kwenye baraza la dada yake. Mfuate peke yake, umwamkie, umwambie hivi: “Mjomba, nimefuatilia lile la magnesiamu, nimekuta lina ukweli. Nimekuta pia dawa ya tumbo ya mama na ile ya kukojoza zinaweza kuwa ndizo zinazoimaliza. Naomba utupeleke hospitali akapimwe, wewe mama anakusikiliza.” Umempa nafasi ya kuwa aliyegundua, na si uongo, kwa sababu asingeleta hilo neno usingeandika barua hii. Wajomba wengi wakipewa kusimamia jambo hulisimamia. Akikataa, mtafute mkubwa mwingine wa upande wa mama, au mwenye duka la dawa ambaye mama anamwamini, aseme sentensi moja tu: atorvastatini haiachwi bila daktari. Deni la chupa nalo lizungumzwe siku hiyo hiyo kabla malipo ya korosho hayajatoka. Iliyofunguliwa ilipwe, zile mbili zenye lakiri zirudi kwenye boksi, kwa sababu tu hazitatumika mpaka majibu ya hospitali yatoke. Akiambiwa anahitaji nyongeza, daktari ataandika aina na kipimo, na kwenye duka la dawa hazifiki bei hiyo. Akianza kuzimeza, zisigusane na antibayotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini. Magnesiamu huzishika tumboni zisifanye kazi, kwa hiyo ziachane kwa saa kadhaa.

Wakati mkisubiri, mama akipata mkojo wa rangi ya chai pamoja na misuli kuuma mwili mzima, moyo kudunda bila mpangilio, degedege, kifua kubana au upande mmoja wa mwili kulegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Akirudishiwa atorvastatini, mafuta ya damu yapimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12, na safari hii mitihani ya shule isiwe sababu, weka tarehe kwenye simu yako na ya mjomba. Majibu yakitoka niandikie namba zenyewe, ya magnesiamu, potasiamu na kreatinini. Ukiniandikia “wamesema yuko sawa” sitakuwa na la kukusaidia.